Jino la kupandikiza na jino la asili

Wengi huamini kuwa jino lililotoboka na kuuma ni heri ling'olewe na kupandikizwa jingine, kwa kuwa la bandia haliozi. Ni kweli kwamba skrubu ya titani (aina ya metali) inayozamishwa katika mfupa wa taya ili kubeba jino la bandia haiozi; lakini uchafu ukigandamana shingoni mwake, fizi huvimba na mfupa hulika, hata skrubu ikalegea. Isitoshe, jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazohisi hata punje ya mchanga ndani ya wali, hisia ambayo kipandikizi hakiifikii. Kabla ya kukubali kung'oa, omba uoneshwe picha ya eksirei, uulize kama mzizi unatibika, na ikiwezekana umwone daktari wa pili. Jino lililopasuka hadi mzizini, kwa kawaida, haliokoleki.