Walivyopindua Meza Toronto 1942: Barua Ilisomwa, Ila Kilichocheza ni Miguu

Tangu Juni 2024, pale kwenye hoki ya barafuni Edmonton Oilers walipopigwa mechi tatu za mwanzo za fainali (wa kwanza kushinda nne ndo bingwa) na Florida Panthers, afu wakazirudisha zote tatu, halafu wakaja kufia mechi ya saba kwa 2-1, watu wananiuliza swali lile lile: hivi kuna timu ilishawahi kuimaliza hiyo kazi? Ipo, na kwenye fainali za Stanley Cup, kikombe cha ligi kuu ya hoki ya NHL, ni moja tu: Toronto Maple Leafs, Aprili 1942, mbele ya Detroit Red Wings. Raundi za chini wapo wengine, Islanders 1975, Flyers 2010, Kings 2014, lakini fainali hakuna mwingine.

Sasa ukiisikia stori yenyewe hapa Kanada lazima utaletewa habari ya barua. Kwamba kabla ya mechi ya nne kocha Hap Day aliwasomea wachezaji barua ya binti wa miaka 14 aliyekuwa na imani kwamba bado wanaweza, wakapandwa na mzuka, wakaenda kushinda. Sawa, barua ilisomwa kweli. Ila mimi kazi yangu ni kufundisha mabeki huku Ontario, na nikiiangalia ile sirizi naona kitu kingine kabisa.

Detroit ilikuwa timu ya kawaida tu, msimu mzima walimaliza wa tano kati ya timu saba na pointi 42, wakati Toronto walikuwa wa pili na 57. Kocha wa Detroit, Jack Adams, alijua akicheza pasi kwa pasi na Toronto anaumbuka. Akaja na ujanja: ukifika katikati ya uwanja usihangaike kupita na puki (kile kidude cha mpira mgumu kinachochezewa badala ya mpira), ichape iende zako kule kona ya mpinzani, afu mkimbilieni wote kama mna kichaa. Ni kama kupiga mpira mrefu nyuma ya mabeki, tofauti ni kwamba kwenye barafu nyuma ya goli kuna ukuta, puki haitoki nje, beki lazima ageuke akaifuate huku mtu mzima anamjia mgongoni kwa kasi.

Na hapa ndo penye utamu, maana sheria za wakati ule sio za leo. Ule mstari mwekundu wa katikati ulikuja msimu wa 1943-44. Kabla ya hapo huruhusiwi kumpa pasi mwenzako akiwa mbele ya mstari wa bluu wa upande wako, ule unaotenga eneo la goli lako, yaani ili utoke golini kwako inabidi mtu aitoe puki kwa miguu yake mwenyewe. Hebu jiweke kwenye nafasi ya beki: umeipata kona, wamekuzingira wawili watatu, pasi ndefu ya kujiokoa marufuku. Kama huna mbio umekwisha.

Bucko McDonald, beki wa Toronto, hakuwa na mbio. Alikuwa beki wa shoka, anayesubiri mtu aje amvunje kwa bega, na ukipita na puki mbele yake utajuta, lakini Detroit hawakupita mbele yake, waliichapa puki pembeni wakamuacha anageuka. Matokeo: Detroit wakashinda 3-2 na 4-2, zote Toronto kwao, afu 5-2 kule Olympia, Detroit. Na hawa Toronto walikuwa na gundu la fainali, kati ya 1933 na 1940 walipoteza sita!

Basi Day akafanya jambo ambalo makocha wengi wangeogopa kupigwa mawe. Akamweka benchi McDonald, na sio yeye tu, akamweka benchi na Gordie Drillon, mtu aliyeongoza ligi nzima kwa pointi mwaka 1938. Drillon alikuwa mfungaji haswa ila wa kusimama karibu na goli akisubiri puki imkute, kukimbizana haikuwa kazi yake. Nafasi yake akapewa Don Metz, mdogo wake Nick Metz, ambaye jina lake halikutisha mtu.

Mechi ya nne, Aprili 12, Detroit wanaongoza 2-0 nyumbani, kikombe wanakiona kile pale. Bob Davidson na Lorne Carr wakasawazisha, Carl Liscombe akawapa Detroit la tatu, nahodha Syl Apps akarudisha, Nick Metz akamaliza, 4-3. Adams akapandwa na hasira, mechi ilipoisha akaingia kwenye barafu akampiga refa Mel Harwood! Rais wa ligi Frank Calder akamfungia bila kusema mpaka lini, na timu akabaki nayo Ebbie Goodfellow.

Ya tano ilikuwa kipigo, 9-3, Don Metz peke yake matatu. Ya sita 3-0, na la kwanza Don Metz tena, huku kipa Turk Broda akikataa kila kitu. Ya saba, Aprili 18, Maple Leaf Gardens ilijaa watu 16,218, Syd Howe akatangulia kuwafungia Detroit na mpaka kipindi cha tatu kinaanza ilikuwa bado 1-0, hapo roho mkononi. Jimmy Orlando wa Detroit akapelekwa kwenye boksi la adhabu, timu yake ikabaki pungufu, Sweeney Schriner akasawazisha, Pete Langelle akafunga la pili, Schriner akapigilia la tatu. Imeisha hiyo.

Drillon hakuvaa tena jezi ya Toronto, wakamuuza Montreal. McDonald alicheza miaka kadhaa mbele, akawa mbunge, na baadaye kule Parry Sound akafundisha watoto hoki. Mmoja wao alikuwa na mbio za ajabu, McDonald akamtoa mbele akamfanya beki, akamwacha atoke na puki mwenyewe toka nyuma mpaka goli la mpinzani. Ndo Bobby Orr huyo, mmoja wa mabeki wakubwa kabisa wa historia ya hoki.