Mita 3 za kwenye kioo, na ubishi wa 22x na 32x

Wiki hii nimetumiwa tena ile picha. Watumaji hubadilika, picha ni ile ile: GPS mbili za mkononi zimelazwa juu ya boneti ya Land Cruiser, moja inasoma usahihi wa mita 3, nyingine mita 5, na chini yake swali: "Kaka, tununue ipi kwa mipaka ya msitu wa kijiji? Naona hii ya mita 3 ndiyo kiboko." Swali hili nimelijibu kwenye simu, kwenye semina, mpaka kwenye foleni ya benki. Leo naliandikia, ili kesho niwe natuma kiungo tu.

Tuanze na namba yenyewe. Hakuna setilaiti inayoiambia mashine yako kwamba imekosea kwa mita 3. Mashine haijui ilipo hasa. Ingejua, ingekupa mahali penyewe na habari ya kosa ingekwisha. Inachofanya ni kukadiria: inatazama inapata setilaiti ngapi, zimetawanyikaje angani, mawimbi yana nguvu kiasi gani, halafu inatoa namba. Kila mtengenezaji ana hesabu yake na haitangazi. Kwa hiyo kushindanisha mashine mbili za aina tofauti kwa namba hiyo ni kama kushindanisha wanafunzi wawili ambao kila mmoja kajisahihishia mtihani wake.

Na hata tukiiamini, "mita 3" si ukuta ambao kosa haliwezi kuuruka. Ni kadirio la uwezekano. Garmin wenyewe, watengenezaji wa GPS za mkononi, kwenye maelezo yao kwa wateja, wamekuwa wakisema vipokezi vyao huwa ndani ya mita 15 kwa asilimia 95 ya muda. Kumi na tano, ndugu yangu. Mara nyingi utakuwa karibu zaidi ya hapo, ila siku utakayokuwa mbali, kioo hakitakuonya. Simama chini ya genge kule Uluguru, mawimbi yagonge mwamba ndipo yakufikie: yamechelewa kidogo, mashine inadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo, pointi inasogea, na kioo bado kinakuandikia mita 4.

Sasa hiyo boneti. Hapa ndipo ninapokosa subira, kwa sababu mashine mbili zilizo kwenye picha nyingi ni eTrex na GPSMAP, zote za Garmin, na antena zake hazifanani. eTrex ina antena bapa ndani yake. Inaona anga vizuri ukiilaza kiganjani, kioo kikitazama juu. GPSMAP za namba 64 na 65 zina ile antena nene inayochomoza juu, iliyosukwa kwa nyaya za mzunguko. Hiyo inataka kusimama wima. Ukizilaza zote mbili umeipendelea moja na kuionea nyingine. Tena umezilaza juu ya bati, na bati linarudisha mawimbi. Halafu umesimama pembeni umeinama kupiga picha, na mwili wako, ambao sehemu yake kubwa ni maji, umeziba nusu ya anga. Hilo si jaribio. Ni picha.

Kwa sababu hiyo hiyo, anayetembea na mashine imening'inia kiunoni kisha akalalamika kwamba traki yake, ule mstari wa njia aliyopita, inayumba kama ya mlevi, alalamikie kiuno chake kwanza. Ibebe juu ya bega, au juu ya begi mgongoni, ikae inavyotaka antena yake.

Tuje kwenye 22x na 32x, maana ndizo zinazogombanisha watu wa manunuzi. Zote ni eTrex za 2019. Kioo kimoja cha inchi 2.2, kumbukumbu ile ile ya GB 8, betri mbili za AA zile zile, na zinasoma setilaiti za GPS za Marekani na GLONASS za Urusi. 32x imeongezewa vitu viwili: dira ya kielektroniki ya mihimili mitatu na kipima urefu kutoka usawa wa bahari kinachotumia mgandamizo wa hewa. Basi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachosogeza pointi yako karibu na ukweli. Ukilipa zaidi ukidhani unanunua mita, umenunua dira.

Je, dira ina faida? Ina, kwa anayesimama na kutaka kujua kigingi kinachofuata kiko upande gani. 22x haijui imeelekea wapi mpaka uanze kutembea. Ukisimama, mshale wake unazunguka ovyo. Lakini dira ya 32x isiposawazishwa inadanganya kwa ujasiri mkubwa, na watu hawaisawazishi. Kipima urefu nacho ni kizuri kwa anayepanda Udzungwa akihesabu miti kwa kila daraja la mwinuko, ilimradi akisawazishe asubuhi mahali anapojua urefu wake, kwa sababu hali ya hewa ikibadilika na "mlima" nao unapanda au unashuka. Kwenye misitu ya mpingo kule Kilwa, ambako nchi ni tambarare, sioni utakifanyia nini.

Mashine ambayo kweli ina kipokezi tofauti ni GPSMAP 65 na 65s, za 2020. Hizo zinasoma masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti, L1 na L5, na kwa yale mawimbi yanayogonga mwamba au shina, L5 inasaidia kutenganisha yaliyonyooka na yaliyorudishwa. Chini ya miombo iliyojaa majani wakati wa masika nimeziona zikitulia kuliko eTrex. Kwenye uwanja wazi, kusema kweli, sijaona tofauti ninayoweza kuiapia, na nadhani wengi wanaoiona wanaiona kwa sababu wameilipia. Na kabla hujajivuna: simu za masafa mawili zipo madukani tangu 2018, zikianzia na Xiaomi Mi 8. Tovuti rasmi ya GPS ya serikali ya Marekani inasema simu ya kawaida, chini ya anga wazi, huwa ndani ya mita 4.9. Anayenunua GPS ya mkononi anunue kwa sababu ya betri za kubadilisha, kioo kinachosomeka juani na vitufe vinavyokubali mkono wenye tope. Hizo ni sababu halali kabisa.

Betri nazipitia haraka. Zile za zinki za bei poa kwenye duka la kijijini hazifikishi hata robo ya saa 25 zilizoandikwa kwenye boksi la 22x. Nunua za kuchaji, na uiambie mashine kwenye mipangilio ni za aina gani. Na zima WAAS/EGNOS. Ile ni mifumo ya masahihisho ya Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Kwetu haikusahihishii kitu, inakula betri tu.

Wengine wameambiwa dawa ni kupiga wastani: bonyeza, subiri dakika mbili, mashine ikuandikie asilimia 100, umemaliza. Si hivyo. Kosa la GPS halirukiruki kila sekunde kiasi kwamba wastani wa dakika mbili utalifuta. Linasogea taratibu, setilaiti zinapotembea na anga la juu linapobadilika. Dakika mbili zinakupa wastani wa kosa lile lile. Mwongozo wa Garmin unashauri sampuli nne mpaka nane, zikipishana kwa dakika 90 au zaidi. Nani ana muda huo kwenye mpaka wenye vigingi arobaini? Hakuna. Basi fanya hivyo kwenye kona zenye mgogoro, nyingine ziache.

Kusogea huko kwa taratibu kuna upande ambao vitabu huuruka. Ukizunguka shamba la ekari moja, ile ya hatua 70 kwa 70, ndani ya dakika kumi, pointi zako zote zinaweza kuwa zimesogea upande mmoja kwa pamoja. Eneo litatoka karibu na sahihi, ila shamba zima limehamia kwa jirani. Ukipima kona mbili asubuhi na mbili saa nane mchana, kila kona itakuwa na kosa lake, na kosa la mita 3 kwenye kona za ekari moja linaweza kukutoa mita za mraba mia mbili na zaidi kati ya 4,047. Kwa msitu wa hekta elfu moja hiyo ni vumbi. Kwa ekari moja ya mjane anayegombana na shemeji, si vumbi. Kwa hiyo mimi viwanja na mashamba madogo sipimi kwa GPS ya mkononi, wala usiniombe. Mtafute mpima ardhi mwenye vifaa vyake.

Lakini haya yote, mita 3 na mita 5, ni makombo ukilinganisha na kosa ninalolikuta kweli kwenye madaftari ya watu: mita 300. Shiti zetu za topo za 1:50,000, zile ramani za serikali, zimechorwa kwa Arc 1960, ambayo ni datamu, yaani msingi ambao koordineti huhesabiwa juu yake. GPS ikitoka dukani iko WGS84, datamu nyingine. Koordineti za UTM (zile zinazoandikwa kwa mita) za sehemu moja katika datamu hizo mbili zinapishana kwa takribani mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Kijiji kimoja kimesoma mpaka kwenye shiti, cha pili kimetembea na GPS, na kila upande unaapa kwamba mwenzake ni mwizi. Kisha kamati inakaa na kuamua: tununue mashine yenye usahihi zaidi!

Datamu unayochagua kwenye mipangilio haibadilishi pointi iliyohifadhiwa ndani ya mashine, na faili la GPX, lile la pointi na traki unalolitoa kwenye mashine, huwa kwa WGS84 siku zote. Inachobadilisha ni tarakimu unazoziona na kuzinakili. Kwa hiyo hatari iko kwenye kalamu. Anayenakili aandike datamu, na aandike zoni pia, yaani kipande cha UTM alichomo, kwa sababu nyuzi 36 mashariki imeikata nchi: Dodoma mjini ni zoni 36, Kongwa ni 37. Mashine hubadilika yenyewe ukivuka, daftari halibadiliki.

Bado unataka kuzishindanisha mashine zako mbili? Acha boneti. Tafuta nguzo ya upimaji ya serikali iliyo mahali pa wazi na ambayo koordineti zake zinajulikana, nenda asubuhi, rudi mchana, rudi siku nyingine, kila mashine uishike inavyotakiwa, na upime umbali kutoka kwenye nguzo bila kuangalia ile namba ya usahihi. Ukienda ofisini kuomba koordineti za nguzo hiyo, uliza ni za Arc 1960 au za TAREF11, msingi mpya wa Tanzania, kabla hujatoka mlangoni.