Je, wajua kwanini TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilimfuata mwimba ngoma?

Watu wengi wakisikia Bibi Titi Mohamed wanawaza ile barabara ya Dar, ila mwaka 1955 alikuwa mama wa nyumbani tu, kazaliwa 1926, shule kidogo, na mtaani alikuwa anajulikana kwa sauti yake kwenye ngoma. Sasa chama cha siasa kilimtaka wa nini?

Kwanza wasomi walikuwa wamebanwa. Mkoloni alikuwa amewakataza watumishi wa serikali kujiunga na TANU, kwa hiyo karani au mwalimu wa serikali akikata kadi anahatarisha kazi, na Nyerere mwenyewe Machi 1955 ilibidi aache kufundisha Pugu. Wamama wa Kariakoo na Ilala nani angewafukuza kazi? Walikuwa wanauza maandazi na vitumbua, wengine pombe, hela yao wenyewe.

La pili ndo lenye uzito, vyama vya ngoma. Watu wanadhani lelemama, ile ngoma ya wanawake, ilikuwa kucheza tu, hapana, kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, michango, sare, harusi na misiba wanabebana, na makabila humo ndani yamechanganyika, yaani Mzaramo na Mmanyema na Mnyamwezi wanaimba pamoja wakati huo chama cha siasa ndo kwanza kina mwaka mmoja tangu Saba Saba ya 1954. Ukimpata kiongozi wa ngoma umepata kikundi kizima.

Mwaka huohuo 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza akaja Dar akaulizia wanawake wa TANU wako wapi, ndo viongozi wakaanza kuhangaika na wakamfikia Titi. Naye akawaendea viongozi wenzake wa ngoma, kikundi kwa kikundi, na kufika Oktoba wanawake kama 5,000 walikuwa wameshachukua kadi. Miezi michache tu, bila simu!

Mimi huwa inaniuma sana uhuru wa 1961 ukisimuliwa kama kazi ya wanaume wachache wenye digrii. Titi angalau tunamjua, hadi kesi ya uhaini, kifungo cha maisha na kuachiwa kwake 1972 vimeandikwa. Wale wenzake wengi hata majina hatuna, kwa hiyo kama nyumbani kwenu bado kuna bibi aliyekuwa binti Kariakoo miaka ile, muulizeni alikuwa ngoma gani, na muandike.