Huzuni ya "Glory Box" imekaa kwenye besi

Kazi yangu ni kuchanganya sauti studio, na nikiulizwa ni wimbo gani wa trip-hop, ule muziki wa polepole wenye midundo ya hip-hop, unaochoma zaidi, nautaja "Glory Box" wa bendi ya Uingereza, Portishead, unaofunga albamu yao ya Dummy ya mwaka 1994. Wengi huuweka usiku kama wimbo wa mahaba. Mimi namsikia mtu aliyechoka.

Anza na besi. Inashuka ngazi kwa ngazi, inafika chini, inarudishwa juu, inashuka tena. Kipande hicho, pamoja na fidla zake, kimekatwa kutoka "Ike's Rap II" ya mwanamuziki wa soul Isaac Hayes ya mwaka 1971, kikazungushwa. Kwa Hayes kilikuwa zulia la kutandika chini ya maneno, maana pale anazungumza tu. Hapa kimegeuka ngazi zisizoisha: kila ukidhani wimbo sasa unatoka, unajikuta ulipoanzia.

Kisha anaingia Beth Gibbons, mwimbaji wa bendi, na wala halii. Sauti ni nyembamba, nusu yake pumzi, iko karibu na maikrofoni kama ya mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala chumba cha pili. Anasema amechoshwa na michezo ya mapenzi, anaomba apewe sababu ya kupenda. Sasa tazama jina. Huko Australia, glory box ni kasha ambamo msichana huweka shuka na vyombo akingoja kuolewa. Nilipolijua hilo, ombi lake lilinibadilikia kabisa. Kwangu mimi, huyu kasha lake limeshajaa siku nyingi. Kilichokosekana ni sababu ya kulifungua.

Na ile mikwaruzo ya santuri? Si uchakavu wote wa kurithi. Kwenye albamu hiyo walikuwa wakirekodi muziki wao wenyewe, wanauchapa kwenye santuri, wanaichakaza makusudi, ndipo wanakata vipande. Yaani kumbukumbu inazeeshwa kabla haijazaliwa. (Siku hizi kuna programu za kuongeza mikwaruzo. Hazinishawishi.)

Kile ambacho sauti inakimeza, gitaa la mwenzake Adrian Utley linakitapika, kwa mlio mkali uliopasuka. Lakini mimi nangoja kuelekea mwisho, anapomwambia mwanamume ni wakati wa kusogea, ampishe. Hapo ngoma zinachafuka na kuwa nzito ghafla, kama mtu aliyeacha kunong'ona. Kwa spika ya simu hutalipata hilo, vaa hedifoni.