Kuitia Fedha Weusi Unaodumu

Weusi unaoonekana ndani ya nakshi za kikuku au pete ya fedha si rangi iliyopakwa juu, bali ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Hapa Lamu hewa huifanya kazi hiyo bila kuombwa, kwa kuwa tope la mikokoni hutoa gesi yenye salfa, na pete iliyosahauliwa kabatini huanza kupiga umanjano, kisha hudhurungi. Sisi masonara huiharakisha kazi hiyo na kuielekeza tunapoitaka.

Wanagenzi wengi hudhani kwamba dawa kali ndiyo itoayo weusi wa kudumu, na kumbe ni kinyume chake. Dawa kali hujenga tabaka nene kwa haraka, lisiloshikana vyema na fedha, nalo hubanduka vipande vipande. Mimi huyeyusha kibonge kidogo cha chumvi ya potasiamu na salfa katika maji ya moto yasiyochemka, mpaka yageuke manjano hafifu. Kisha huchovya pambo kwa sekunde chache, hulisuuza kwa maji baridi, hulisugua polepole kwa brashi ya nyuzi za shaba nyeupe na povu la sabuni, halafu hulirudisha tena. Rangi hupitia manjano, wekundu, zambarau na buluu kabla ya kufika weusi. Buluu hiyo huwavutia wateja, lakini ni utando mwembamba mno na sikubali kuiuza. Weusi ukishakolea, pambo huoshwa kwa maji yenye soda ya kuokea ili dawa iache kufanya kazi.

Matayarisho yana uzito kuliko dawa. Kazi yote ya kulehemu iwe imekwisha, maana moto huuharibu weusi. Uso uliopitishwa msasa laini hushika vizuri zaidi kuliko uliong'arishwa kama kioo, na mafuta ya vidole peke yake hutosha kuacha mabaka. Wanaosafisha kwa ndimu au ukwaju, kama ilivyo desturi yetu, wasuuze kwa maji mengi sana, kwa sababu asidi ikikutana na dawa hii hutoa gesi ya sumu inayonuka yai viza. Hata bila asidi, kazi hii ni ya uani penye upepo, si ya chumbani. Lulu na feruzi zisichovywe kabisa. Vipande vya kauri vinavyopachikwa kwenye pete zetu havidhuriki.

Hata hivyo, kudumu kwa weusi huamuliwa tangu wakati wa kuchonga. Weusi uliolala ndani ya mchoro wenye kina haufikiwi na nguo wala ngozi, ilhali pete bapa iliyofanywa nyeusi yote itaanza kuweupa kingoni kwa mvaaji afuaye na kuosha vyombo kila siku, na humwambia mteja hivyo kabla hajalipa. Vanishi siipendi, kwa kuwa huchubuka vibaya. Nta kidogo yatosha. Iko pia njia ya kale ya kujaza nakshi kwa mchanganyiko ulioyeyushwa wa fedha, shaba, risasi na salfa, ambayo ni imara zaidi, lakini moshi wa risasi umenifanya niiache.

Dawa yenyewe huharibiwa na mwanga na unyevu, na unyevu wa pwani hauna huruma. Ihifadhiwe katika chupa nyeusi iliyofungwa kabisa. Kibonge kilichogeuka unga mweupe kimeshakufa, hata ukiongeza kiasi.