Andika bei kwenye tovuti yako, mteja hana muda wa kuuliza

Kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha tovuti za biashara ndogo hapa Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni mafundi fenicha. Tukifika kwenye suala la bei huwa tunabishana. Mmoja atasema, "Nikiweka bei, jirani ataiona atashusha yake." Mwingine atasema mbao hazilingani, kwa hiyo bei haiwezi kuandikwa. Hoja zote mbili nazielewa, na bado nasisitiza bei iandikwe.

Mfikirie mama anayetafuta kitanda saa tatu usiku, watoto wameshalala. Kafungua tovuti nne kwenye simu. Tatu zinamtaka apige simu aulize. Moja imeandika bei ya mninga, ya mkongo na ya paini. Hiyo ndiyo atakayoitumia ujumbe, hata kama si ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu zile tatu hajui kama anazimudu, na watu wengi huona haya kuuliza bei kisha wakanyamaza. Jirani yako akizitaka bei zako atamtuma kijana aje kujifanya mnunuzi. Ukizificha, anayekwama ni mteja.

Kuhusu mbao kutolingana, neno "kuanzia" linatosha. Andika kitanda cha futi 5 kwa 6 cha mninga kinaanzia shilingi ngapi, godoro limo au halimo, na usafiri unalipwa na nani. Taja vinavyopandisha bei: droo za chini, nakshi za kuchonga, kwenda futi 6 kwa 6. Sema malipo ya awali ni kiasi gani na kazi inachukua siku ngapi. Anayekutafuta baada ya kusoma hayo yote ameshaamua nusu ya safari, kinachobaki ni kuchagua rangi na kukubaliana siku ya kuleta.

Jambo la pili ni uzito wa picha, na hapa naona fedha za watu zikiteketea. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kufika MB 3 hadi 5. Ukipandisha kumi kama zilivyo, ukurasa mmoja unamla mteja MB 30 au zaidi za bando lake, na kabla hazijafunguka ameshaondoka. Punguza upana wa kila picha hadi pikseli 1,200 hivi, uihifadhi kwa WebP, muundo wa picha nyepesi za tovuti, na mara nyingi itashuka chini ya KB 200 bila jicho kuona tofauti. Tovuti iitwayo Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Ukimaliza, ingiza anwani ya tovuti yako kwenye PageSpeed Insights ya Google, chagua matokeo ya simu, uangalie kipimo cha LCP, yaani muda ambao kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinachukua kuonekana. Google wanahesabu sekunde 2.5 au pungufu kuwa nzuri.

Kitufe cha WhatsApp kijaribu mwenyewe, kwa simu ya mtu mwingine. Nakuta tovuti nyingi zenye kiungo cha wa.me, kile kinachomfungulia mteja mazungumzo ya WhatsApp nawe, ambacho namba yake inaanza na 07, nacho hakifanyi kazi. Lazima namba ianze na 255, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Unaweza pia kuongeza maneno yanayojiandika yenyewe, mfano "Nimeona kitanda cha mninga kwenye tovuti yenu". Mteja anabonyeza tu kutuma, nawe unajua ametokea wapi. Baada ya mwezi, hesabu jumbe za namna hiyo. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko idadi ya waliotembelea.

Lugha nayo. Kama wanunuzi wako wanaongea Kiswahili, tovuti iandikwe Kiswahili, na kichwa cha kila ukurasa kiseme kinachouzwa na mahali: "Vitanda vya mninga, Keko, Dar es Salaam". Anayetafuta Google anaandika maneno ya aina hiyo, haandiki "Karibu kwenye tovuti yetu". Jisajili pia kwenye Google Business Profile, inayoonyesha biashara yako kwenye Google na ramani zake, ni bure, na uweke alama ya ramani kwenye mlango wa karakana yako hasa. Keko karakana zimebanana, na mteja akikosea mlango ataishia kwa mwenzako.

Na kabla hujalipa mtu yeyote kurekebisha chochote, muulize jina la tovuti, hilo la .co.tz au .com, limesajiliwa kwa nani. Linatakiwa liwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako, na nywila uwe nayo wewe. Nimekutana na wafanyabiashara waliokosana na aliyewatengenezea tovuti wakaishia kuanza upya na jina jipya, wakati kadi na bango la dukani bado vina lile la zamani.