Kivuko kinachomwacha abiria majini

Wengi wanaotengeneza gemu kwa Godot 4 (injini ya kutengenezea gemu) hapa Mwanza huamini kivuko kikisogea, mhusika aliyesimama juu yake atabebwa tu. Si kweli. StaticBody2D, yaani mwili uliokusudiwa kukaa tuli, ikisogezwa kwa animesheni, injini huiona imehama ghafla, haina kasi ya kumpa abiria. Ndani ya gemu, sitaha inaondoka Kigongo kuelekea Busisi, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, yeye anadumbukia ziwani.

Kwa kivuko tumia AnimatableBody2D, mwili uliotengenezwa kusogezwa kwa animesheni, sync_to_physics (mpangilio unaooanisha mwendo wake na fizikia) ibaki imewashwa, na mhusika awe CharacterBody2D, mwili wa wahusika, anayeendeshwa na move_and_slide(), amri ya kumsogeza. Kwa kawaida fizikia hupiga hatua 60 kwa sekunde, hivyo pikseli 300 ndani ya sekunde 5 ni pikseli 1 kila hatua: mwendo mtulivu.

Na tafadhali, sogeza mwili wenyewe, ile AnimatableBody2D. Ukisogeza Sprite2D (picha ya kivuko) peke yake, umbo la mgongano linabaki gatini na mhusika anasimama hewani.